Kushusha pikapu mbele: bolti moja yaweza kula faida ya shamba

KWA mkulima wa Donge au Kitope, pikapu si pambo. Ndiyo inayofikisha ndizi na muhogo Darajani au Mwanakwerekwe kabla bei haijashuka. Hata hivyo, wapo wamiliki wanaoishusha gari mbele, ama ipendeze mjini, ama itulie zaidi kwenye kona. Kabla ya kushika spana, ni vyema kupiga hesabu.

Katika Toyota Hilux nyingi za zamani zisizo na difu ya mbele, uzito wa mbele hubebwa na fito mbili ndefu za chuma zinazojipinda, moja kila upande. Kila ufito una bolti yake ya kurekebisha. Ikilegezwa, gari hushuka, ikikazwa, hupanda. Hakuna kipuri cha kununua, ndiyo maana kazi hii hufanyika hata uani. Hilux za muundo ulioanza kuuzwa 2004 zina springi za koili mbele, hivyo hazina bolti hiyo.

Gharama huja baadaye. Tuseme gurudumu lina nafasi ya kupanda sentimita 7 kabla ya kugota kwenye mpira wa kuzuia kishindo. Ukishusha gari sentimita 5, zinabaki 2 tu. Kwenye lami ya Mahonda dereva anaweza asihisi tofauti kubwa. Kwenye njia za uwanda, mashariki ya kisiwa, ambako mawe ya matumbawe yamechomoza ardhini, kila shimo litagota. Kishindo hicho huenda kwenye boljointi, bushi na fremu, kisha kwenye mzigo. Ndizi iliyopondeka haina bei.

Aidha, gari ikishuka, magurudumu huinamia ndani kwa juu, na tairi huliwa upande wa ndani. Asiyepiga alaimenti mara baada ya kazi atanunua tairi mapema.

Kwa aliyekwishaamua, hatua ni hizi. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote mbili, na uandike. Paka bolti alama ya rangi ili ujue zilipoanzia. Hewa ya chumvi hushikisha kutu, hivyo zitie mafuta siku moja kabla. Inua gari kwa jeki, iweke juu ya stendi imara, na usiingie chini ikiwa imeshikwa na jeki peke yake. Legeza pande zote kwa mizunguko sawa, endesha kidogo, kisha pima tena. Sentimita 2 au 3 zinatosha kwa gari ya kazi.

Kukata springi ya koili au kuichoma kwa gesi ni hatari. Moto huondoa ugumu wa chuma, na springi inaweza kulegea au kuvunjika njiani.

Anayenunua pikapu iliyotumika naye akague. Tairi za mbele zilizolika ndani na bolti zilizolegezwa kupita kiasi ni sababu ya kuomba bei ipunguzwe.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Kulegeza bolti ni bure, lakini tairi, boljointi na mazao yaliyopondeka hulipwa kwa fedha taslimu.