Naga wa Kihindu: Nyoka, Joka au Mtu?

Mfasiri akutanaye na neno naga la Kisanskriti huwa na maneno mawili karibu: nyoka na joka. La kwanza lapunguza maana. La pili laipotosha. Joka la ngano zetu ni dude la kutisha. Shujaa hulikata vichwa, na ngano ikaishia hapo. Naga, kinyume chake, ni kiumbe mwenye ukoo, wafalme na makao chini ya ardhi, awezaye kujitwalia umbo la mtu na kuoana na watu. Ulupi, binti wa naga, aliolewa na Arjuna mwenyewe.

Asili ya msiba wao yasimuliwa katika kitabu cha kwanza cha Mahabharata. Kadru, mama wa naga, na dada yake Vinata, wote wake za Kashyapa, waliwekeana dau juu ya rangi ya mkia wa farasi wa mbinguni. Ili ashinde, Kadru aliwaamuru wanawe wajigeuze nywele nyeusi mkiani mwa farasi huyo. Waliokataa hila hiyo aliwalaani wateketee motoni. Yafaa izingatiwe kuwa laana hii haikutoka kwa adui, bali kinywani mwa mama mzazi. Msikilizaji wa Kiswahili, aijuaye radhi ya mama, hahitaji kufafanuliwa uzito wake.

Laana ilitimia zama za mfalme Janamejaya. Baba yake, Parikshit, aliuawa kwa sumu ya naga Takshaka. Naye, kwa kulipiza kisasi, akafanya kafara ya kuwateketeza nyoka wote. Wakaanguka motoni makundi kwa makundi, hata alipotokea kijana Astika akaomba kafara ikomeshwe. Baba yake Astika alikuwa mtawa wa Kibrahmani. Mama yake, dada wa mfalme Vasuki, alikuwa naga. Mama huyo akiitwa joka, uombezi wa mwanawe hupoteza maana yote.

Hata Kaliya, aliyeutia sumu mto Yamuna, hakuuawa na Krishna. Alifukuziwa baharini pamoja na jamaa zake. Na Shesha ndiye aichukuaye dunia.

Kwa hiyo neno naga lastahili kuachwa lilivyo, kwa upatanisho wa watu: naga huyu, naga hawa. Umbo managa lingefaa kwa mfano wa mafundi, lakini sikio lingelipeleka upesi kwa majoka na majitu.