Kisu hakitawanyi saratani

Wasomaji wa Meru na Embu wameniuliza mara nyingi: je, saratani ikiguswa na kisu "hukasirika" na kusambaa? Wapo wazee wenye uvimbe kwenye umio waliokataa kukatwa kinofu cha kupimwa kwa hofu hiyo.

Sivyo. Seli ya saratani haimngoji daktari. Huondoka kwa amri zake yenyewe.

Kwa mfano, seli za utando wa tumbo hushikana kwa protini iitwayo E-kadherini. Mwaka 1998 watafiti waliikuta jeni yake imeharibika katika ukoo wa Wamaori wa New Zealand ulioandamwa na saratani ya tumbo kizazi baada ya kizazi. Protini hiyo ikiharibika, seli huachana na jirani zake, lakini hilo halitoshi. Lazima seli itembee. Hapo ndipo integrini huingia kazini. Protini hizi hupenya utando wa seli: nje hukamata nyuzi za tishu, ndani huungana na nyuzi za aktini. Zikikamata, huamsha kimeng'enya FAK, nacho hushirikiana na kimeng'enya kingine, Src, hadi ujumbe uzifikie protini mbili: Rac, inayosukuma ukingo wa mbele, na Rho, inayokaza sehemu ya nyuma mpaka ibanduke. Ni mwendo wa mtu avukaye tope. Seli ikishika mno, inanasa; isiposhika, haiendi. Tena ujumbe hupita pande zote mbili: seli yenyewe huweza kuziamuru integrini zikamate au ziachie. Mmoja wa waliozigundua, Richard Hynes, aliyeshiriki Tuzo ya Lasker mwaka 2022, alizaliwa Nairobi. Vitabu vyetu vya shule vingefaa kumtaja.

Kweli, sindano ya kuchukua kinofu huweza kuburuta seli chache, lakini ni nadra, na madaktari hupanga njia yake wakilijua hilo. Anayefariki baada ya upasuaji mara nyingi alifika hospitalini saratani ikiwa imeshasafiri, kisha lawama ikaangukia kisu.

Halafu kuna jamaa wa stendi mwenye unga wa mizizi "unaoifunga saratani isitembee". Hata dawa ya silengitidi, iliyobuniwa mahsusi kuziba integrini, ilishindwa kurefusha maisha ya wagonjwa wa saratani ya ubongo katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2014. Yeye unga wake aliujaribu kwa nani?

Chakula kikianza kukwama, ukikonda bila sababu au ukitapika damu, nenda hospitali ukapimwe kwa kamera. Wiki hii, si baada ya mavuno.