MUKABA MOJA, KANZU MBILI

Si kila mutu iko na pesa ya kanzu mupya. Lakini ile pana uliyopewa na yaya wako, usiitupe. Funga mukaba pale kiuno ni chembamba: kanzu itakaa sawa bila kumulipa mushonaji. Nguo ya maua mengi inataka mukaba wa rangi moja. Mutu mufupi achague mwembamba, maana ule mupana unamukata vipande viwili.

Mukaba wa ngozi ni bei kali? Chukua kipande kilichobaki kwa kikwembe: upana sentimeta 10, urefu wa kiuno pamoja na sentimeta 80 za kufunga. Kikunje katikati kwa urefu, shona sentimeta 1 toka pembeni, kigeuze: utapata mukaba wa sentimeta 4. Usikaze sana, darasani tunapashwa kupumua!