Ramani ya Injini: Kubadilisha Kompyuta za Magari ya Kasi ya Kijapani

Neno "ramani" humkumbusha msomaji milima, mito na mipaka ya nchi. Kwa mafundi wa kompyuta za injini, hata hivyo, ramani ni jedwali la tarakimu lililohifadhiwa katika kumbukumbu ya kompyuta inayoiongoza injini. Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya majedwali hayo, namna yanavyobadilishwa, na sababu ya badiliko dogo kuweza kuinusuru injini au kuiangamiza.

Kompyuta ya injini hupokea habari kutoka kwa vitambuzi mbalimbali: kiasi cha hewa iingiayo, joto la maji, kasi ya mzunguko wa injini na kadhalika. Kisha huliendea jedwali. Upande mmoja pana idadi ya mizunguko kwa dakika, na upande wa pili pana uzito wa kazi inayofanywa na injini. Pale pande hizo zinapokutana pana tarakimu inayotoa amri. Amri kuu ni tatu: kiasi cha petroli, wakati wa kuwasha cheche na, kwa injini yenye tabo, shinikizo la hewa inayosukumwa ndani ya silinda.

Petroli huungua kikamilifu inapochanganywa na hewa kwa uwiano wa uzani wa 1 kwa 14.7. Lakini injini ya tabo ikibeba kazi nzito hupewa petroli zaidi, aghalabu sehemu 1 kwa 11 au 12 za hewa, kwa kuwa petroli hiyo ya ziada hupunguza joto ndani ya silinda. Cheche nayo huwashwa kabla pistoni haijafika kileleni. Ikitangulizwa kwa kiasi kifaacho, nguvu huongezeka. Ikitangulizwa kupita kiasi, sehemu ya mchanganyiko ambayo haijafikiwa na mwali hujilipukia yenyewe. Hapo ndipo injini husemekana kuwa inagonga. Mgongo huo ukiendelea chini ya shinikizo kubwa, pistoni hupasuka.

Oktani ni kipimo cha uwezo wa petroli kuhimili hali hiyo bila kujilipukia. Nchini Japani, petroli ya daraja la juu huuzwa aghalabu ikiwa na oktani ipatayo 100. Magari kama Subaru Impreza WRX STI na Mitsubishi Lancer Evolution yaliyoundwa kwa soko la huko yaliandikiwa ramani zinazoitegemea petroli hiyo. Gari lilo hilo, likishushwa bandarini Mombasa baada ya kutumika Japani kwa miaka kadhaa, hujazwa petroli ya kawaida ya vituo vyetu, ambayo oktani yake ni ya chini zaidi. Ni kweli kwamba kitambuzi cha kugonga huiarifu kompyuta, nayo ikaichelewesha cheche. Hata hivyo, kinga hiyo huanza kazi baada ya injini kugonga. Kwa hiyo, kwa gari la aina hii, sababu ya kwanza ya kubadilisha ramani si kutafuta nguvu zaidi, bali ni kuipatanisha injini na petroli iliyopo.

Wapenzi wengi wa magari haya huamini kwamba kiwanda kimeficha nguvu ndani ya kompyuta. Imani hiyo ina chimbuko. Tangu mwaka wa 1989 hadi 2004, watengenezaji wa magari wa Japani walikubaliana wasitangaze gari la soko lao lenye nguvu za farasi zaidi ya 280, na kompyuta za magari hayo zilizuia kasi isivuke kilomita 180 kwa saa. Injini ya Nissan Skyline GT-R ya 1989 ilijulikana kuwa na uwezo wa kupita kiwango hicho. Lakini si kila pengo lililoachwa na kiwanda ni nguvu iliyofichwa. Mhandisi hamjui atakayeliendesha gari, siku ya joto kali, petroli duni wala oili isiyobadilishwa kwa wakati. Huacha akiba kwa ajili ya hayo yote. Anayeongeza nguvu kwa ramani mpya huitumia akiba hiyo.

Katika miaka ya 1990, kubadilisha ramani kulihitaji kufungua kompyuta na kuweka kijisahani kipya cha kumbukumbu. Baadaye iliwezekana kuiandika upya kumbukumbu kwa waya unaochomekwa katika tundu la uchunguzi la gari. Wepesi huo umezaa hatari yake: ramani iliyoandikiwa gari jingine, kwa petroli nyingine, hunakiliwa kwa dakika chache tu. Nairobi nayo iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, hivyo tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kulifikia shinikizo lile lile.

Fundi mwaminifu hulichunguza kwanza shinikizo la kila silinda, huhifadhi nakala ya ramani ya kiwandani, kisha hubadilisha tarakimu hatua kwa hatua huku akipima mchanganyiko na kusikiliza kama injini inagonga. Mwenye gari naye ana haki ya kuuliza: ramani hii imeandikiwa petroli gani, na imepimwa wapi? Asiyepata jibu la maswali hayo mawili na aiache kompyuta yake kama ilivyo.