Tanuri la Mkaa au la Gesi: Jambo la Kupima Kabla ya Kukopa

Katika ziara zangu za ukaguzi, kutoka Ifakara hadi Mbingu na vijiji vinavyofuata, swali moja limekuwa likiletwa mbele yangu na makatibu zaidi ya mmoja. Chama kina wanachama wachache wanaofua chuma baada ya kazi za shamba. Wanatengeneza majembe, wananoa mashoka, wanafua mundu kutokana na springi za malori makuukuu. Sasa wanaomba chama kiwanunulie tanuri la gesi ya mitungi, wauache mkaa. Je, Kamati ikubali?

Jibu haliwezi kuwa moja kwa vyama vyote, lakini njia ya kulitafuta jibu ni moja. Makala haya yanakusudia kuieleza.

Kwanza yafaa tuelewe kazi yenyewe. Mhunzi hafui chuma baridi. Chuma cha pua hufuliwa vizuri kikiwa na joto la nyuzi 900 hadi 1,200 za sentigredi, yaani tangu rangi ya chungwa hadi manjano. Kikipoa hadi wekundu uliofifia, nyundo hukipasua badala ya kukinyoosha. Mkaa na gesi vyote viwili vyaweza kufikisha joto hilo. Kwa hiyo mtu asidanganywe kwamba mkaa ni dhaifu. Wafipa, kwa matanuri yao marefu yaliyoitwa malungu, waliyeyusha chuma kutoka katika mawe yake kwa mkaa, na hiyo ni kazi ngumu kupita kufua jembe.

Sifa ya mkaa ni kwamba mhunzi huutawala moto wake. Akitaka kupasha ncha tu ya mundu, hupasha ncha. Akiwa na jembe pana, huutandaza mkaa. Vifaa vyake ni vya bei nafuu: shimo lililojengwa kwa udongo, bomba la kuingizia upepo, na mivukuto au feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli. Kasoro zake pia ni wazi. Mtu wa pili lazima awepo kuvuta upepo. Moto huchukua muda kuiva, na mhunzi akiondoka kwenda kunywa maji mkaa huendelea kuteketea. Upepo ukizidi, chuma huungua na kurusha cheche.

Tanuri la gesi ni sanduku la chuma lililopambwa ndani kwa matofali ya kuhimili moto. Huwaka mara moja, huwa tayari kwa dakika chache, hupasha chuma sawasawa pande zote, na likifungwa matumizi hukoma papo hapo. Kwa mwanachama anayefua saa moja au mbili tu jioni, hilo ni jambo la maana. Lakini sanduku lina kipimo chake. Kitu kipana kuliko mlango wake hakiingii. Kabla ya kununua, jembe lipimwe mlangoni.

Ama kuhusu makaa ya mawe, ambayo wahunzi wa Ulaya wameyazoea, nchi yetu inayo, kwa mfano huko Ngaka mkoani Ruvuma. Hata hivyo huchimbwa na kusafirishwa kwa malori kwa ajili ya viwanda vikubwa, na sijapata kuona yakiuzwa kwa debe katika vijiji vyetu. Moshi wake pia ni mzito. Kwa sasa tuyaweke kando.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambayo ndiyo kazi ya katibu. Usilinganishe bei ya gunia na bei ya mtungi. Linganisha gharama ya kila jembe lililokamilika. Tuchukue mfano, nao ni mfano tu. Kila chama kiweke bei zake. Tuseme mhunzi wa mkaa anatumia kilo 14 kwa siku, kila kilo shilingi 800. Hiyo ni shilingi 11,200. Mvuta upepo analipwa shilingi 8,000. Jumla ni shilingi 19,200, na zana zilizofuliwa ni 8. Kila zana imegharimu shilingi 2,400. Tuseme mhunzi wa gesi anatumia kilo 5, kila kilo shilingi 4,000, yaani shilingi 20,000, bila mvuta upepo, naye anafua zana 10. Kila zana imegharimu shilingi 2,000.

Hapa wengi husimama na kushangilia, na hapa ndipo kosa linapoingia. Gesi imeokoa shilingi 400 kwa kila zana, lakini tanuri, mtungi, mpira na regulata vimenunuliwa, tuseme, kwa shilingi 600,000. Gawanya 600,000 kwa 400: utapata zana 1,500. Kikundi kinachofua zana 500 kwa mwaka kitarudisha fedha hizo kwa miaka 3. Kikundi kinachofua zana 150 kitahitaji miaka 10, na huenda tanuri likachakaa kabla. Na hapo riba ya mkopo bado hatujaihesabu.

Jambo la pili ni majira. Bonde letu hulima mpunga. Majembe huhitajika kabla ya mvua, na mundu huhitajika mavuno yanapoanza, wakati masika yamekwisha kuziharibu njia. Chama kimoja, ambacho sitakitaja, kilinunua tanuri la gesi kwa mkopo. Mtungi uliisha mwezi wa Aprili, gari la kuuleta mwingine likakwama, na mundu za wanachama zikalala bila kufuliwa hadi mpunga ukaanza kupukutika. Mhunzi mzee aliniambia, “Ndugu Mkaguzi, tanuri ni zuri, lakini halili maneno.” Deni lilikuwa likiendelea kuhesabiwa siku zote hizo.

Lakini mkaa nao si wa bure. Kilo moja ya mkaa wa tanuri la udongo huweza kula kilo 5 hadi 10 za kuni. Milima ya Udzungwa iliyo juu yetu ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1992, na mazao ya misitu yanasimamiwa kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Mkaa usio na kibali waweza kukamatwa, na chama kikaingia aibuni. Basi chama kinachochagua mkaa kinunue kwa mwenye kibali na kutunza stakabadhi, tena kipande shamba lake la miti. Mjohoro hufaa, kwa kuwa hukua upesi na huchipua tena baada ya kukatwa.

Usalama usisahauliwe. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini na mashimoni. Uvujaji utafutwe kwa povu la sabuni, kamwe usitafutwe kwa kiberiti. Regulata ya jiko la nyumbani haitoshi kwa tanuri. Inatakiwa ile ya mgandamizo mkubwa. Mtungi mdogo wa kilo 6 ukivutwa kwa nguvu hupoa na kupoteza msukumo, hivyo ule wa kilo 15 au 38 ni bora. Na moto wowote, wa mkaa au wa gesi, usiwashwe katika chumba kilichofungwa, kwa maana hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Banda la mhunzi liwe na paa, lakini pande zake ziwe wazi.

Kwa hiyo, kabla ya ombi kufikishwa kwenye Mkutano Mkuu, Kamati iandike majibu ya maswali haya:

1. Kikundi kilifua zana ngapi mwaka uliopita, kwa mujibu wa daftari na si kwa kukisia?
2. Kwa juma moja lililopimwa kwa mizani, kila zana iligharimu kiasi gani?
3. Mtungi utajazwa wapi mwezi wa Aprili, na nani atauleta?
4. Mkopo unaotakiwa umo ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na wanachama na kuidhinishwa na Mrajis?

Maoni yangu ni haya. Kikundi chenye kazi chache kibaki na mkaa, kinunue feni nzuri na kupanda miti. Kikundi chenye kazi ya mwaka mzima na mtungi wa akiba kinaweza kununua tanuri la gesi, lakini kisilibomoe lile la mkaa. Chama kisiwakopee wahunzi kwa sababu kitu ni kipya, wala kisiwanyime kwa sababu ni kigeni. Mwenye kulipa deni ni mwanachama, naye ana haki ya kuiona hesabu kabla ya kunyosha mkono.