Daktari wa Mbali, Damu ya Karibu: Tiba ya Ugonjwa wa Baipola kwa Njia ya Mtandao

Kila binadamu hupata siku za furaha na siku za majonzi, na hilo si ugonjwa. Lakini wako watu ambao hisia zao hupanda na kushuka kupita mipaka ya kawaida, hata pasipo sababu inayoonekana. Kwa majuma kadhaa mtu wa namna hiyo huwa na nguvu zisizokwisha. Hulala muda wa saa mbili au tatu tu wala asichoke. Husema upesi bila kituo. Hujiona ana uwezo usio na kifani. Na huweza kutapanya mshahara wote kwa siku moja. Hali hiyo huitwa mania. Baadaye huangukia upande wa pili, yaani sonona. Hapo hukosa hamu ya chakula na ya kazi, hujiona hana thamani, na pengine hutamani kufa. Kwa kuwa una ncha hizo mbili, ugonjwa huu huitwa baipola.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa na ugonjwa huu. Si laana wala si utovu wa adabu. Ni ugonjwa wenye dawa, na wengi wanaotibiwa vema huendelea na masomo, kazi na ndoa zao. Tatizo ni kwamba madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache, na wengi wao wako katika miji mikubwa. Ndiyo maana matibabu kwa njia ya mtandao, ambapo daktari na mgonjwa huonana katika kioo cha simu au kompyuta, yameleta matumaini makubwa. Hata hivyo hapana budi kuelewa ni kitu gani kinachoweza kusafiri katika mtandao na ni kitu gani kisichoweza.

Historia fupi

Kumwona mgonjwa wa akili kwa mbali si jambo la jana. Mwaka 1959 taasisi ya magonjwa ya akili ya Nebraska, nchini Marekani, ilianza kutumia televisheni ya pande mbili katika tiba ya vikundi vya wagonjwa. Mwaka 1964 taasisi hiyo iliunganishwa kwa njia hiyo na hospitali ya Norfolk, iliyo umbali wa kilometa 180 hivi. Mitambo ya wakati huo ilikuwa mikubwa na ya gharama. Leo kazi iyo hiyo hufanywa na simu inayotosha kiganjani.

Tawi hili la utabibu lilitangulia kwa sababu maalumu. Daktari wa mfupa sharti aushike mguu uliovunjika, lakini vyombo vikuu vya daktari wa akili ni jicho na sikio. Kasi ya usemi, mpangilio wa mawazo, uso uliokunjamana au unaong'aa kupita kiasi, vyote hivyo huonekana katika kioo. Hata mtetemeko wa mikono huweza kutazamwa, mgonjwa akiombwa anyooshe mikono mbele ya kamera.

Hatari ya kuona ncha moja

Mgonjwa wa baipola mara nyingi hutafuta msaada akiwa katika sonona, kwa sababu wakati wa mania hujiona mzima kuliko watu wote. Daktari asipouliza habari za nyuma ataona huzuni tu, naye huenda akaandika dawa ya sonona peke yake. Kwa mtu mwenye baipola, dawa hiyo ikitumiwa bila dawa ya kutuliza hisia huweza kumrusha hadi kwenye mania.

Kosa hilo hutokea hata hospitalini, lakini mazungumzo mafupi ya mtandaoni hulifanya liwe rahisi zaidi. Kinga yake ni jamaa wa karibu. Mke, mume, mzazi au ndugu, kwa ridhaa ya mgonjwa, hueleza yale ambayo mgonjwa mwenyewe hakumbuki au haoni kuwa ni dalili: usiku aliokesha akipanga biashara kumi, madeni aliyoyaweka, ugomvi usio wa kawaida yake. Sharti pia mgonjwa apate mahali pa faragha. Mtu anayezungumza chumbani huku majirani wakisikia hataweza kutaja kuwa amewaza kujiua, na hilo ndilo daktari anapaswa kulijua kwanza.

Chumvi inayotuliza hisia

Miongoni mwa dawa za baipola, iliyo ya zamani na yenye sifa kubwa ni lithiamu, metali nyepesi kuliko zote, ya tatu katika jedwali la elementi. Hutolewa kama chumvi, hasa kabonati ya lithiamu. Mwaka 1948 daktari John Cade wa Melbourne, Australia, baada ya kuona kuwa simbilisi waliodungwa chumvi za lithiamu walitulia, aliwapa dawa hiyo wagonjwa wa mania. Mwaka 1949 alitangaza habari za wagonjwa kumi waliopata nafuu. Lakini mgonjwa wake wa kwanza, ambaye alikuwa amepona hata akatoka hospitalini, aliacha dawa, akaugua tena, akarudishiwa dawa, na mwaka 1950 akafa kwa sumu ya lithiamu hiyo hiyo.

Kisa hicho kina somo kubwa. Kiasi cha lithiamu kinachoponya kiko karibu sana na kiasi kinachodhuru. Kwa kawaida wagonjwa wengi huhitaji milimoli 0.6 hadi 1.0 katika kila lita ya damu, ikizidi 1.5 hatari huanza. Hakuna uso wala sauti inayoweza kutaja tarakimu hizo. Zilipatikana baada ya wataalamu kutumia jambo linalojulikana katika maabara za shule: lithiamu ikitiwa motoni hutoa mwali mwekundu. Chombo kilichopima ukali wa mwanga huo kiliweza kueleza kiasi kilichomo katika damu. Leo kuna mbinu nyingine, lakini damu yenyewe bado lazima itolewe mshiponi.

Kwa nini kupima baada ya siku tano?

Kwa mtu mzima mwenye figo nzima, nusu ya lithiamu iliyomo mwilini hutoka kwa muda wa siku moja hivi. Chukulia kuwa mgonjwa anameza vipimo 8 kila usiku. Siku ya pili hubakiwa na 4, akiongeza 8 huwa na 12. Siku zinazofuata jumla huwa 14, kisha 15, kisha 15.5. Haitapita 16, kwa sababu hapo kinachotoka ni sawa na kinachoingia. Basi damu ikipimwa siku ya pili huleta jibu la uongo. Hupimwa baada ya siku tano hadi saba, tena saa kumi na mbili baada ya kumeza dawa ya mwisho. Aidha, chupa ya damu isiwe ile iliyotiwa heparini ya lithiamu ili damu isigande, maana itaongeza lithiamu isiyotoka kwa mgonjwa.

Figo huishughulikia lithiamu kama sodiamu ya chumvi ya kawaida. Mwili ukipungukiwa maji au chumvi, kwa kuharisha, kutapika au jasho jingi, figo huzuia lithiamu isitoke, nayo hupanda katika damu. Baadhi ya dawa za maumivu, kama ibuprofeni na diklofenaki, huleta matokeo hayo hayo. Kwa hiyo mgonjwa anayetaka kufunga Ramadhani, au anayetumia dawa za presha, sharti azungumze na daktari wake mapema.

Kugawana kazi

Chukulia mfano wa mwalimu wa Mpanda anayetibiwa na daktari bingwa aliyeko Dodoma. Mazungumzo ya kila mwezi yaweza kufanyika kwa simu, naye akaokoa nauli na siku za kazi. Lakini muuguzi wa hospitali ya karibu ndiye atakayempima uzito na kutoa damu. Maabara itapima lithiamu, utendaji wa figo na tezi ya thairoidi. Majibu yatatumwa Dodoma. Palipo hapana kipimo hicho wala njia ya kusafirisha damu, daktari mwangalifu huchagua dawa nyingine. Nayo ina masharti yake: valproati, kwa mfano, huweza kumdhuru mtoto tumboni, hivyo haifai kwa mwanamke anayeweza kupata mimba ila pasipokuwa na njia nyingine.

Mwalimu huyo akianza kutapika, kuyumba, kutetemeka mwili au kusema kwa ulimi mzito, jamaa zake wasingoje siku ya mtandao. Wampeleke hospitali mara moja. Vivyo hivyo akitaja kujiua, au akikesha siku kadhaa bila kuchoka. Na anapojisikia mzima asiache dawa ghafla, kwani huko ndiko kuikaribisha mania irudi.

Mtandao, basi, umemleta daktari karibu, lakini haukuiondoa kazi ya muuguzi, ya maabara, wala ya ndugu aliye nyumbani. Watu hao wakishirikiana, umbali hauwi tena sababu ya mgonjwa kukosa tiba.

Maswali ya darasani

1. Mgonjwa aliyefikia vipimo 16 akiacha dawa, atabakiwa na vipimo vingapi baada ya siku nne?
2. Eleza kwa nini kuharisha kunaweza kumletea mgonjwa sumu ya lithiamu ingawa hakuongeza dawa.
3. Taja mambo mawili ambayo daktari aweza kuyajua kwa njia ya mtandao, na mawili asiyoweza.