Laptopu inakwama ukifungua PDF? Badili programu kabla ya kubadili mashine

CAT ni kesho asubuhi na noti za mhadhiri ni PDF ya kurasa 300. Unaibofya, kiduara kinazunguka weee, kisha laptopu inaganda. Fundi wa mtaani atakwambia uongeze RAM au utafute mashine nyingine. Kabla hujatoa hata shilingi, hebu angalia kwanza programu unayotumia kusomea faili hizo.

Wengi wetu hudhani PDF na Adobe ni kitu kimoja. Ni kweli kampuni ya Adobe ndiyo iliyobuni mfumo huu mwaka wa 1993. Lakini tangu 2008, PDF ni kiwango cha kimataifa cha ISO, na yeyote anaweza kuunda programu ya kuifungua. Si lazima utumie Acrobat Reader.

Programu hiyo ina mengi ndani yake: huduma za mtandaoni, kutia sahihi, maoni ya wenzako kazini na vishawishi vya kununua toleo la kulipia. Kwa ofisi ni sawa. Kwa laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4, huo ni mzigo wa bure ikiwa kazi yako ni kusoma tu.

Ikiwa unatumia Windows, jaribu SumatraPDF. Ni ya bure, haina matangazo, na imekuwepo tangu 2006. Ni ndogo mno ikilinganishwa na Acrobat, kwa hivyo bando lako halitalia. Hufunguka chapchap na hukumbuka ukurasa ulioachia. Tena husoma vitabu vya EPUB na MOBI, na hata katuni za CBZ.

Kuna toleo lake lisilohitaji kusakinishwa. Unaliweka kwenye flash, unachomeka kwenye kompyuta inayokubali flash, unasoma, unaondoka nalo. Anayetegemea kompyuta za maktaba au za cyber anajua uzito wa jambo hilo.

Lakini usidanganyike kwamba inafanya kila kitu. SumatraPDF haijazi fomu. Ukitumiwa fomu ya kazi au ya basari, ifungue kwa Firefox. Tangu 2022, kivinjari hicho hukuwezesha kuandika juu ya PDF na kuchora sahihi yako. Edge, ambayo tayari imo ndani ya Windows, pia hufungua PDF bila kupakua chochote.

Wa Linux, mnazo Evince na Okular. Kwenye simu ya Android, MuPDF ni nyepesi na haina mbwembwe.

Jihadhari na jambo moja: mahali unapopakulia. Ukitafuta programu ya bure mtandaoni, utakutana na tovuti zinazokupa faili iliyofungamanishwa na takataka nyingine, wakati mwingine hata virusi. Andika mwenyewe anwani rasmi, sumatrapdfreader.org, badala ya kubofya tangazo la kwanza unaloliona.

Ukishaipata, bofya PDF yoyote kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Open with", kisha uifanye SumatraPDF kuwa ya kudumu. Usiifute Acrobat mara moja. Kuna fomu chache ambazo hukataa kufunguka kwingine.

Sasa pima mwenyewe. Fungua faili yako nzito zaidi kwa Acrobat, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uone imekula kumbukumbu kiasi gani. Ifunge, kisha rudia kwa SumatraPDF. Kumbuka tu kwamba PDF iliyojaa kurasa zilizopigwa picha itakuwa nzito popote pale. Lakini ikiwa hata faili za maandishi matupu bado zinakokota, basi hapo fundi ana hoja.